Ngolo Alizozifukia Mama

Siku mliyoniaga pale hangani, kwenye banda la helikopta, mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi, na keki yenye helikopta ya sukari ambayo mkia wake ulikuwa upande usio wake. Mmoja wenu akasema niwaandikie kurasa chache za kumbukumbu za kazini. Nimekaa nyumbani wiki tatu sasa. Dirisha moja nimelipaka rangi mara mbili, na mke wangu amechoka kuniona. Basi naandika. Vyeo sitavieleza, viko kwenye faili, na mshahara mnaujua kwa kuwa nanyi mnaupata. Nitaeleza jinsi mtu aliyezoea ndege alivyojifunza helikopta akiwa na mvi, na siku moja ambayo ilinibidi nimkatalie mama yangu mbele ya macho yake.

Nilianza na ndege ndogo ya injini moja, mali ya shirika la umma. Tulibeba chanjo, mitihani ya darasa la saba, maofisa wenye mikoba, na safari moja mbuzi dume wa mbegu ambaye alikuwa mtulivu kuliko maofisa. Njia yangu ya kutoka Songea kwenda ziwani ilipita juu ya Mkumbi, nyumbani kwetu. Mama yangu, Skolastika, mjane mwenye shamba la kahawa na mahindi, aliujua mlio wa ndege yangu kama anavyojua kikohozi changu. Akiusikia tu, anatoka na shuka jeupe, analitandika juu ya chanja cha kuanikia kahawa. Mimi nikiliona nainamisha bawa la kushoto, halafu la kulia. Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yangu.

Ilidumu sekunde chache tu. Ndege haisubiri mtu. Ikipunguza mwendo kupita kiasi inaacha kuelea na kuanza kuanguka, na rubani wa ndege hufundishwa kuuogopa upole huo kuliko anavyoogopa radi. Kwa hiyo miaka yote ile nilimsalimia mama yangu nikiwa mbioni.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Mitumba ikajaa sokoni Mbinga, wanunuzi binafsi wa kahawa wakafika na mizani zao na maneno matamu, na mashirika ya umma yakaanza kuuzwa moja moja. La kwetu halikuuzwa hata, lilisinzia. Asubuhi moja tulikuta ndege mbili hazina matairi, na mlinzi akatuambia kwa heshima zote turudi nyumbani tukasubiri barua. Barua ilikuja, ikanishukuru. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na watoto wanne.

Wakati huohuo kampuni moja ya utafiti ilikuja kuchunguza makaa ya mawe kule Ngaka, ikiwa na helikopta moja na haina rubani anayeifahamu milima yetu. Mimi milima naifahamu, helikopta siijui. Walinipeleka kwa Meja Challe.

Meja Challe alikuwa mwanajeshi mstaafu, Mnyasa wa Liuli, mfupi, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza nilipanda nikakaa kiti cha kushoto, kama rubani yeyote wa ndege. Akasimama mlangoni ananitazama. Akaniambia hapo ni pa abiria, nahodha wa chombo hiki hukaa kulia, na kama nimekuja kutembezwa niseme mapema. Nikahama. Nawaambia ukweli, kuhama kutoka kiti kile kwenda cha pili kuliniuma kuliko barua ya shirika.

Asubuhi ile akanipa chombo nikisimamishe hewani, mita mbili kutoka ardhini, juu ya kiwanja cha mpira. Kiwanja kizima hakikunitosha. Nilikwenda goli hili, nikarudi goli lile, nikazunguka kama jogoo aliyekatwa kichwa. Shida ilikuwa mikono. Mkono wa kulia ulishika usukani kwa nguvu, kumbe usukani ule unataka kufikiriwa tu, hautaki kusukumwa. Mkono wa kushoto ulikuwa na wenzo kando ya kiti: ukiuinua unapanda, ukiushusha unashuka. Kwenye ndege, wakati wa hatari mkono husukuma mbele, utafute mwendo. Kwenye helikopta injini ikizimika unapaswa kuushusha wenzo hapohapo, ili mapanga yaendelee kuzungushwa na upepo wa kushuka. Mkono wangu wa kushoto kila ukishtuka ulisukuma mbele. Meja alikuwa na ramani iliyokunjwa, kazi yake ilikuwa kunichapa nayo.

“Mkono huu bado umeajiriwa na shirika,” aliniambia. “Uandikie barua.”

Wiki ya tatu, bila kujua nimefanya nini, nilisimama. Chombo kilitulia hewani, nyasi zikilala chini yangu, na goli liko palepale mbele ya pua. Sikuwa na mwendo hata kidogo na sikuwa nikifa. Machozi yalinitoka. Meja akatazama upande wa pili akajifanya anafuta miwani.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutua, na hapa ndipo nataka mkae vizuri. Watu husema helikopta inatua popote. Meja alilichukia neno hilo. Kabla ya kutua alinizungusha juu ya mahali mara tatu, kila mara chini zaidi, akinihoji: upepo unatoka wapi, kuna nyaya, ardhi imeinama kiasi gani, udongo wake ukoje, kitu gani kitaruka, nikikataa natokea wapi. Nikikosea jibu moja tunarudi juu. Akasema kukataa ni kazi kama kutua, na wengi waliokufa walikuwa wanajua kutua vizuri sana.

Kitu gani kitaruka, hilo nililisahau mara moja tu. Nilitua ufukweni Mbamba Bay pembeni ya usipa, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa mchangani, kazi ya siku mbili ya akina mama wa pale. Upepo wa mapanga ukawainua usipa wote, ukawarudisha ziwani. Akina mama wakaja, hawakupiga kelele, walisimama tu mikono kiunoni, jambo ambalo ni baya zaidi. Meja akanishusha, akanipa ungo, akanipigisha magoti kuokota waliobaki, mmoja mmoja, pamoja na wenye mali. Mama mmoja akauliza kama Wamatengo, yaani sisi watu wa milimani, siku hizi wanavua kwa feni. Walicheka mpaka wakanihurumia. Tangu siku hiyo sijatua ufukweni kabla ya mtu kutangulia kuwaambia watu waanue.

Nilipohitimu nilikwenda Mkumbi kumweleza mama. Yeye alidhani nimeshushwa cheo, maana ndege haikupita tena. Nikamwambia, nikiwa nimeshiba ugali na sifa, kwamba sasa nina chombo bora, na nitakuja kumchukua hapa hapa nyumbani. “Mama, hii inatua popote,” nilisema. Ndiyo, lile neno lenyewe. Meja hakuwepo kunichapa.

Mama aliliweka moyoni. Alikuwa na dada mmoja tu, mama yangu mkubwa Otilia, aliyeolewa na mvuvi wa Liuli, Mwanglikana, wakati babu hataki kusikia habari za ziwani wala za Waanglikana. Babu hakuwa na mtoto wa kiume. Kwa hiyo shamba lake lilibaki kwa mama, na dada yake akabaki kwa maji. Walikuwa hawajaonana tangu mazishi ya babu. Magoti ya mama yalikuwa yameharibika, mteremko hauwezi, na basi lilipita mbali na kwetu.

Masika yaliyofuata barabara ya ziwani ilikatika sehemu mbili. Zikaja habari kwa kupokezana, kutoka ziwani mpaka parokiani, kwamba mama mkubwa Otilia amelala, hali chakula, na kwamba anamuulizia mdogo wake. Ofisi ya wilaya nayo iliomba kampuni ipeleke chanjo vijiji vya ziwani. Mhandisi wetu, mtu wa haki, akakubali nipite Mkumbi nimchukue mama. Nafasi moja ilikuwepo. Nikampa katekista ujumbe: siku ya Alhamisi asubuhi mama awe tayari, nitamfuata nyumbani.

Nilikuwa na uwanja kichwani, ua wa mbele ya nyumba yetu, ambao nilipokuwa mtoto niliuona mkubwa kama wa kanisa. Mama aliutazama kwa macho ya sasa. Akaona mabati ambayo upepo ungeyang'oa, akaona chanja, akaona miti ya kivuli iliyopandwa baada ya mimi kuondoka. Habari za usipa zilikuwa zimemfikia, kama zilivyomfikia kila mtu. Akajua ua haufai, jambo ambalo mimi rubani sikulijua. Kwa hiyo akatafuta mahali pengine mwenyewe.

Wenye asili ya kwetu mnajua ngolo, wengine niwaeleze. Milima yetu ni mikali, kwa hiyo hatulimi matuta. Wanaume hufyeka na kulaza nyasi kwa mistari iliyokatana, wanawake huchimba kati ya mistari na kuzifunika nyasi kwa udongo, mpaka mlima mzima unakuwa mashimo, kila shimo na kingo zake. Mvua ikinyesha, maji hukaa mashimoni na udongo hauondoki. Mtu huonyeshwa ngolo za bibi yake kama wengine wanavyoonyeshwa picha. Kuzifukia? Sijawahi kusikia mtu kafanya hivyo akiwa na akili zake.

Mama alizifukia. Juu ya shamba la babu, karibu na mkuyu, kuna bega la mlima lililo karibu kuwa tambarare. Alikaa juu ya kigoda kwa sababu ya magoti, akavuta udongo kwa jembe, akasogeza kigoda, akavuta tena. Siku tisa, kwenye mvua. Wakwe zake, wake wa wadogo zangu, walimwambia ameanza kuchanganyikiwa. Akawaambia mtoto wake anakuja.

Alhamisi hiyo nilikuwa na bwana afya upande wa nyuma na masanduku ya chanjo yenye barafu. Mawingu yalikuwa yameshaanza kupanda kutoka ziwani, na yakifika kwenye ukingo wa mlima njia inafungwa. Nikauona ua wetu kutoka juu nikajua papo hapo kwamba nimesema upuuzi. Ndipo nikauona ule mraba wa udongo mwekundu katikati ya mashimo ya kijani, na katikati yake shuka jeupe, limewekewa mawe pembeni. Mama amesimama kando, kavaa kitenge cha kanisani, na kapu mkononi.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa: ngolo zile zimefukiwa kwa ajili yangu.

Nilizunguka mara tatu. Upepo sawa, nyaya hakuna, mwinamo unavumilika. Udongo wake ukoje? Udongo uliofukiwa juzijuzi, umenyeshewa siku tisa. Jibu nilikuwa nalo nikiwa bado juu, na ilinipasa niliseme nikiwa bado juu. Sikulisema. Nilishuka. Nikasogea taratibu, nikagusa kwa mguu mmoja wa chuma, wa kushoto, upande aliposimama mama. Udongo ukaupokea kama uji. Mguu ukazama, chombo kikaanza kulala, kona moja ya shuka ikafyatuka kwenye mawe ikawa inapiga piga kuelekea mkiani. Mkono wangu ulitaka kusukuma mbele. Nilisikia ramani ya Meja kwenye vidole, nawaapia, nikaulegeza mkono, nikainua wenzo kidogo kidogo mpaka tope likaachia. Shuka likapita chini yetu likanasa kwenye mikahawa.

Nikarudi nyuma nikasimama hewani, mita kumi na tano hivi kutoka kwa mama. Ndege isingeniruhusu hilo. Miaka yote yeye aliona tumbo la ndege na mimi niliona shuka. Leo tulikuwa tunatazamana usoni. Kitenge kilikuwa kimemganda mwilini kwa upepo, tope limemrukia mpaka kwenye mashavu. Akainua kapu anionyeshe kwamba yuko tayari.

Nikatikisa kichwa.

Hakuelewa. Akainua kapu tena, juu zaidi, kwa mikono miwili.

Bwana afya akaniuliza kwenye spika za masikioni kama hatuwezi kujaribu mara nyingine, upande ule wenye majani. Upande ule ulikuwa mashimo. Kiwanja cha shule kilikuwa ng'ambo ya mto, na kivuko cha magogo kilikuwa kimechukuliwa na maji. Nilimjibu hapana. Nikatikisa kichwa tena kumwelekea mama, polepole, ili aone vizuri. Akashusha kapu. Akalitazama lile bega la mlima alilolisawazisha, akanitazama mimi, kisha akakivuta kigoda chake akakaa. Nikageuza pua kuelekea ziwani. Kazi hii nimeifanya muda mrefu, na hakuna jambo gumu kuliko kugeuza pua ile.

Liuli watu walikuwa wameshaanua. Bwana afya akaenda na masanduku yake, mimi nikapelekwa kwa mama mkubwa. Alikuwa amelala mkekani, amebaki mifupa na macho, macho yaleyale ya mama. Nikapiga magoti nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, halafu akatazama nyuma yangu, mlangoni.

“Mdogo wangu yuko wapi?”

Nilikuwa nimepanga maneno juu ya barabara na hali ya hewa. Nikayaacha yote. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi: neno langu la kujisifu, kigoda, siku tisa, mguu uliozama. Nikamwambia amekaa kule, mimi nimemwacha. Nililia mbele ya wajukuu zake, mtu mzima na kofia yangu ya urubani.

Yeye alikuwa ameshikilia jambo moja.

“Amefukia ngolo?”

“Ndiyo, mama.”

“Zipi?”

“Za juu. Karibu na mkuyu.”

Akafumba macho. Nilidhani amechoka. Kumbe anacheka, bila sauti, mkeka wote unatikisika. Akaniambia zile walizichimba wawili, yeye na mdogo wake, msimu wa mwisho kabla hajaolewa, na baba yao aliwasimamia akisema ngolo ile haitafukiwa mpaka yeye afufuke. Mdogo wake alikuwa mwoga wa baba kuliko wote. Akaushika mkono wangu wa kushoto, ule mkaidi.

“Basi amefika,” alisema. “Mwambie nimemwona.”

Alifariki kabla barabara haijafunguliwa. Mimi nilifika Mkumbi wiki iliyofuata, kwa gari mpaka lilipokwama, na kwa miguu sehemu iliyobaki. Mama hakunilaumu, na laiti angenilaumu. Alinipa maji ya kunawa, akanipakulia. Nikampa ujumbe neno kwa neno. Akaendelea kuchambua maharage.

“Alicheka?” aliuliza mwishowe.

Nikamwambia alicheka sana.

“Yeye alikuwa mvivu wa kuchimba,” mama alisema. “Nusu ya zile nilimchimbia mimi.” Kisha akajifunika uso kwa upande wa kanga, nami nikasogea nikakaa karibu yake.

Wakwe walitaka kuchimba upya mashimo yale. Akakataa. Nilikuwa nimemweleza kwamba udongo ule unahitaji kushiba mvua, kukauka na kukanyagwa, na yeye akaanza kazi. Kila mgeni aliyekuja kwetu alizungushwa apite pale juu. Katekista alipita, karani wa kahawa alipita na baiskeli yake, kwaya ilipelekwa kufanyia mazoezi pale, jumuiya nzima ya akina mama ilisali rozari ikitembea. Mbuzi alifungwa pale. Mtu akiuliza kwa nini, anaambiwa kanyaga kwanza.

Misimu miwili. Kiangazi cha pili nilikwenda kwa miguu, nikaupiga udongo kwa kisigino, nikaruka juu yake kama mwendawazimu. Ulikuwa mgumu kama sakafu. Nikamwomba mhandisi, akakubali.

Nilizunguka mara tatu, nikayajibu maswali yote, nikatua. Mama alikuja na kapu lilelile. Nikampandisha kiti cha kushoto, kile nilichokikalia enzi zote za ndege, nikamfunga mkanda. Nikamwambia tunaanzia Liuli, kaburini. Akasema anajua, lakini nisubiri kidogo. Akampungia mkono mkwe wake aliyekuwa amesimama mbali, uani, na yule akaingia ndani.

Tuliinuka. Nilipofika kimo kile nilichokuwa nikipita na ndege, mama akanigusa bega akaonyesha chini. Nikasimamisha chombo hewani. Kule uani, juu ya chanja, mkwe alikuwa ametandika shuka jeupe.

Mama aliegemea dirisha, akatazama, akatazama.

“Kumbe ni dogo hivi,” alisema. “Na wewe ulikuwa unaliona?”

“Nilikuwa naliona, mama. Kila siku.”